Mafaili ya Mipangilio: Daftari la Mtengeneza Programu Linalogusa Usalama wa Mwananchi

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapopata namba ya malipo katika simu yake ya kiganjani, akalipia ada na kupokea stakabadhi bila kupanga foleni, huona sehemu ndogo tu ya kazi iliyofanyika. Nyuma ya huduma hiyo kuna seva zinazohifadhi taarifa, kuna programu zinazobadilishana taarifa hizo, na kuna mtaalamu wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) anayeziandika na kuzirekebisha programu hizo katika kompyuta yake. Ndani ya kompyuta hiyo kuna mafaili madogo ambayo mwananchi hatayaona maishani mwake, na ambayo hata baadhi ya viongozi wa taasisi hawajawahi kuyasikia. Ni mafaili ya mipangilio binafsi ya mtaalamu huyo.

Mafaili hayo yakitunzwa vyema, kazi haisimami pale kompyuta inapoharibika, inapoibwa au mtumishi anapohamishwa kituo. Yakitunzwa ovyo, yanaweza kuwa mlango wa nyuma ambao mtu asiyehusika ataupitia hadi kwenye taarifa za maelfu ya watu. Makala haya yanaeleza mafaili hayo ni nini, namna yanavyotunzwa, na kwa nini utunzaji wake umekuwa suala la usalama wa taarifa za wananchi.

Mafaili ya mipangilio ni nini?

Kila fundi hupanga vifaa vyake kwa namna yake. Fundi cherehani huweka mkasi upande wa mkono anaoutumia, huchagua sindano kulingana na kitambaa na hukaza uzi kadiri anavyojua mwenyewe. Mtengeneza programu naye hufanya hivyo. Huweka vifupisho vya amri ndefu anazozitumia kila siku, huijulisha kompyuta jina lake na anuani yake ya barua pepe ili kila badiliko analolifanya lijulikane kuwa ni lake, na huorodhesha seva anazoruhusiwa kuingia. Maamuzi hayo yote huandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida, ambayo programu huyasoma kila zinapofunguliwa.

Katika kompyuta zinazotumia mifumo endeshi ya ukoo wa Unix, ikiwemo Linux na macOS, majina ya mengi ya mafaili haya huanza na alama ya nukta, na kwa sababu hiyo hayaonekani mtumiaji anapoorodhesha yaliyomo katika folda yake. Unix ilianza kutengenezwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani. Rob Pike, aliyekuwa miongoni mwa wataalamu wa maabara hizo, ameeleza kuwa kufichwa kwa mafaili yenye nukta hakukupangwa. Kila folda ilikuwa na maingizo mawili ya kimfumo, moja lililoandikwa kwa nukta moja na jingine kwa nukta mbili. Ili maingizo hayo yasijaze orodha, programu ya kuorodhesha mafaili iliandikiwa sharti fupi la kuruka kila jina linaloanza na nukta. Sharti hilo likaficha zaidi ya kilichokusudiwa, na watengeneza programu wakalifanya kuwa desturi ya kuweka mipangilio yao mahali pasipoonekana.

Mifano ya mafaili hayo ni mingi. Lipo .bashrc, linalosomwa na Bash, programu inayopokea amri za mtumiaji ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Lipo .vimrc la kihariri maandishi cha Vim. Lipo .gitconfig, linalobeba jina na anuani ya mtengeneza programu. Ipo pia folda ya .ssh, inayohifadhi funguo za kuingilia seva za mbali. Teknolojia ya SSH ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen nchini Finland, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu alichokuwapo. Funguo zake huwa mbili: ufunguo wa wazi, unaoweza kutolewa kwa yeyote, na ufunguo wa siri, usiopaswa kutoka mikononi mwa mwenyewe.

Hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo. Katika eneo moja lisiloonekana kwa macho, vitu viwili vya tabia tofauti hukaa pamoja. Kimoja ni mpangilio, ambao hata ukionekana na watu wote hauna madhara. Kingine ni siri, ambayo ikionekana na mtu mmoja tu asiyestahili inaweza kuleta hasara kubwa. Na kisichoonekana husahaulika.

Kwa nini mipangilio ihifadhiwe kwa utaratibu?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mtengeneza programu aliyefanya kazi kwa miaka mitano huwa amekusanya mamia ya maamuzi madogo katika kompyuta yake. Mengi hayakumbuki tena. Anajua tu kuwa akiandika amri fulani, kazi inafanyika. Siku kompyuta mpakato hiyo inapoanguka au kuibiwa ndani ya basi, hugundua kuwa hana kumbukumbu ya alichokifanya, na hutumia siku kadhaa kujenga upya kile alichodhani kipo daima.

Katika taasisi, hasara hiyo haimwangukii mtaalamu peke yake. Mtumishi anayehamishwa au kustaafu huondoka na maarifa yaliyokuwa katika mafaili ambayo hakuna mwingine aliyejua kuwa yapo. Anayempokea hukuta programu inayokubali kufanya kazi katika kompyuta ya aliyeondoka na kugoma katika kompyuta yake. Sababu huwa ni ndogo, kama toleo tofauti la zana moja au mpangilio mmoja uliowekwa miaka mitatu iliyopita na haukuandikwa popote. Wakati huo mwananchi anayesubiri huduma huambiwa kuwa mtandao uko chini.

Namna mipangilio inavyotunzwa

Utaratibu uliozoeleka duniani ni kukusanya mafaili ya mipangilio katika folda moja na kuiweka chini ya mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko. Mfumo unaotumika zaidi ni Git, uliotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kusimamia kazi ya kuendeleza Linux. Git huhifadhi kila hatua: nani alibadilisha nini, lini, na kwa maelezo gani. Badiliko likileta kasoro, mtumiaji hurudi kwenye hali ya jana au ya mwaka jana. Folda inayotunzwa hivyo huitwa ghala, na ghala linaweza kunakiliwa katika seva nyingine ili kompyuta ikipotea, kumbukumbu isipotee.

Kwa kuwa kila programu hutafuta faili lake mahali maalumu, mafaili yaliyokusanywa ghalani huunganishwa na mahali hapo kwa viungo. Kiungo ni mfano wa kibao barabarani: programu inapofika mahali ilipozoea, huelekezwa lilipo faili halisi. Kazi ya kuweka viungo hivyo kwa mkono inachosha, hivyo zipo zana za kuifanya. GNU Stow ni mojawapo ya zile za zamani, nayo huunda viungo vyote kwa amri moja. Nyingine, chezmoi, humwezesha mtu mwenye kompyuta zaidi ya moja kutumia ghala moja, kila kompyuta ikipata sehemu inayoihusu.

Hata hivyo, mipangilio bila zana ni sawa na ramani ya nyumba bila matofali. Mtaalamu makini huhifadhi pia orodha ya programu anazozitumia na matoleo yake, pamoja na faili fupi la amri linalozisakinisha kwa mpangilio. Kwa njia hiyo, kompyuta mpya huwa tayari kwa kazi baada ya saa chache badala ya siku kadhaa. Kipimo cha utaratibu huu ni kimoja: uchukue kompyuta tupu, ulifuate daftari lako, uone kama utafika. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haina tofauti na ahadi.

Mpaka kati ya mpangilio na siri

Utaratibu ulioelezwa hapo juu una faida ya kuonesha kilichofichika. Faida hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Watengeneza programu wengi huweka maghala yao katika huduma za mtandaoni kama GitHub, iliyoanza mwaka 2008, na huyaacha wazi ili wenzao wajifunze. Ni desturi njema, na wengi wamejifunza kazi kwa kusoma mipangilio ya waliowatangulia. Lakini anayekusanya folda nzima bila kuchambua huweza kupeleka hadharani ufunguo wa siri wa SSH, nywila ya hifadhidata, au namba za utambulisho ambazo programu huzitumia kuingia katika huduma nyingine. Yapo pia mafaili yanayosahaulika zaidi, kama lile linalohifadhi historia ya amri zote zilizoandikwa. Mtu aliyewahi kuandika nywila ndani ya amri huikuta imetunzwa humo.

Jambo ambalo wanaoanza kazi hii hawana budi kulifahamu ni kwamba Git haisahau. Mtu akigundua kuwa amepeleka nywila ghalani, akalifuta faili na kupeleka badiliko jipya, nywila ile haijaondoka. Imebaki katika historia, na yeyote mwenye nakala ya ghala anaweza kuisoma. Aidha, kuna programu zinazopekua maghala ya wazi mchana na usiku zikitafuta siri za aina hiyo. Kwa sababu hiyo, siri iliyowahi kuonekana hadharani ihesabiwe kuwa imekwisha kuchukuliwa.

Matukio yanayotoa funzo

Matukio matatu ya miaka ya karibuni yanaonesha uzito wa suala hili. Mwaka 2016 wavamizi waliingia katika maghala ya msimbo wa programu ya kampuni ya usafiri ya Uber yaliyokuwa GitHub, wakakuta humo ufunguo wa kuingilia hifadhi ya taarifa za kampuni hiyo. Taarifa za watumiaji na madereva wapatao milioni 57 duniani zilichukuliwa. Kampuni ilitangaza jambo hilo Novemba 2017, na mwaka uliofuata ilikubali kulipa dola za Marekani milioni 148 katika makubaliano na majimbo ya nchi hiyo. Maghala yale hayakuwa ya wazi. Yalikuwa ya ndani, na bado siri haikupaswa kuwamo.

Oktoba 2022 kampuni ya Toyota ya Japani ilitangaza kuwa sehemu ya msimbo wa huduma yake ya T-Connect, iliyokuwa na ufunguo wa kuingilia seva, ilikuwa imewekwa katika ghala la wazi tangu Desemba 2017. Anuani za barua pepe na namba za wateja 296,019 zilikuwa katika hatari ya kuonekana kwa takriban miaka mitano. Ghala hilo lilikuwa limewekwa wazi na mkandarasi aliyepewa kazi na kampuni. Taasisi inayotumia wazabuni haina budi kulitazama tukio hili kwa makini, kwa kuwa kompyuta ya mzabuni ni sehemu ya ulinzi wa taasisi hata kama haimo katika orodha ya mali zake.

Machi 2023 GitHub yenyewe ililazimika kubadilisha mojawapo ya funguo zake za SSH, baada ya ufunguo wa siri kuonekana kwa muda mfupi katika ghala la wazi. Kampuni haikungoja kuthibitisha kama kuna aliyeuchukua. Iliubadilisha na kuwatangazia watumiaji wake. Funzo lake ni kwamba kosa hili laweza kumpata hata bingwa, na kinachomtofautisha ni kasi na uwazi wake katika kulirekebisha.

Sheria inasemaje?

Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), yenye jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za Serikali Mtandao katika taasisi za umma. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi kuzilinda dhidi ya upotevu, uharibifu na matumizi yasiyoruhusiwa, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kusimamia utekelezaji wake.

Maneno kama .bashrc au .ssh hayatarajiwi kuonekana katika sheria. Lakini wajibu wa kulinda taarifa hauishii kwenye mlango wa chumba cha seva. Unaufuata ufunguo popote ulipo, na mara nyingi ufunguo upo katika kompyuta mpakato ya mtaalamu mmoja.

Mambo ya kuzingatia

Kwa watengeneza programu, jambo la kwanza ni kutenganisha mpangilio na siri tangu siku ya kwanza. Mafaili ya mipangilio yawekwe ghalani, na siri ziwekwe katika programu maalumu ya kutunza nywila, ili faili la mpangilio libebe tu maelekezo ya mahali pa kuzipata. Faili la .gitignore litumike kuorodhesha yale yasiyopaswa kuingia ghalani, na mabadiliko yapekuliwe kwa zana ya kutafuta siri, kama gitleaks, kabla hayajapelekwa mtandaoni.

Pili, kila kompyuta iwe na ufunguo wake wa SSH, ulindwe kwa nywila yake, na faili lake liruhusiwe kusomwa na mwenyewe tu. Kompyuta moja ikiibwa, unafutwa ufunguo mmoja na kazi nyingine zinaendelea. Diski nzima nayo isimbwe, ili mwizi apate chuma bila taarifa.

Tatu, mipangilio ya watu wengine isinakiliwe bila kusomwa. Faili kama .bashrc hutekeleza amri kila terminali inapofunguliwa, hivyo mstari mmoja wenye nia mbaya unaweza kutuma mafaili ya mtumiaji nje bila yeye kujua. Asiyeelewa mstari fulani auache, au amuulize anayeuelewa.

Nne, ikitokea siri imevuja, hatua zifuate mpangilio huu: toa taarifa kwa msimamizi wa usalama wa taasisi, batilisha ufunguo au nywila iliyovuja na utengeneze mpya, kagua kumbukumbu za seva kuona kama imetumika, kisha ndipo usafishe historia ya ghala. Wengi huanza na hatua ya mwisho ili kuficha aibu, na hapo humpa mvamizi muda asiostahili kuupata.

Kwa viongozi wa taasisi, ni vyema makabidhiano ya mtumishi wa TEHAMA yasiishie kwenye kompyuta na chaja yake. Yahusishe ghala la mipangilio ya kazi, orodha ya zana na matoleo yake, pamoja na uthibitisho kwamba funguo zote za anayeondoka zimefutwa katika seva. Mipangilio ya kazi ihifadhiwe katika seva inayosimamiwa na taasisi, na mipangilio binafsi ibaki ya mtumishi. Vilevile, mikataba ya wazabuni ieleze wazi msimbo na funguo vitahifadhiwa wapi na nani atawajibika vikivuja. La muhimu zaidi, mtumishi anayetoa taarifa mapema kuhusu kosa lake asigeuzwe mfano wa kuwatisha wengine, kwani hofu ya adhabu ndiyo inayofanya uvujaji ukae miaka bila kujulikana.

Kwa mwananchi wa kawaida, kanuni ni ile ile ingawa vifaa ni tofauti. Mpangilio wa simu unaweza kuoneshwa kwa fundi au rafiki, lakini namba ya siri ya akaunti ya fedha haiandikwi kwenye ujumbe, haihifadhiwi kama jina la mtu katika orodha ya namba za simu, na haipigwi picha. Simu ikipotea, hatua ya kwanza ni kufunga laini na kubadilisha namba za siri, kisha ndipo kuitafuta simu yenyewe.

Huduma za umma zinapozidi kuhamia mtandaoni, imani ya mwananchi hutegemea mambo ambayo hayaoni. Hatakagua kompyuta ya mtaalamu aliyeandika programu anayoitumia, wala hana sababu ya kujifunza Git. Ana haki ya kutarajia kuwa aliyepewa dhamana ya taarifa zake anajua kila faili lililofichwa katika kompyuta yake ni la nini, lipi liko ghalani, na lipi halipaswi kufika huko kamwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ufa wenyewe mara nyingi ni faili moja dogo linaloanza na nukta.